Uzi: Kiunoni inalegea, mapajani inabana. Ninunue vipi nguo za kila siku hapa Kampala?

Kijana wa Bweyogerere:
Ndugu zangu habari za jioni. Naomba msaada wa watu wanaojua nguo za kiume, si mambo ya fasheni ya kwenye simu, nataka nguo za kuvaa Jumatatu mpaka Jumamosi. Nimepata kazi mpya hapa Kampala, ofisi ya mtu binafsi, hawataki suti wala tai, wamesema tu uje nadhifu, halafu siku zingine natumwa kwa wateja Mukono, Wakiso, hata Luwero. Usafiri wangu ni taksi, zile basi ndogo za abiria, halafu boda.

Shida ni mwili. Kiuno ni 32 lakini mapaja makubwa maana nimecheza mpira tangu shule ya msingi na bado nacheza. Nikivaa 32 inagoma mapajani, nikipanda 34 au 36 mapaja yanaingia vizuri ila kiunoni nyuma inabaki nafasi ya kuingiza ngumi, nikikaza mkanda kitambaa kinajikunja kunja na ukiingiza shati inaonekana vibaya. Mabega nayo mapana, shati la M linakaza mgongoni nikinyoosha mikono, L linakaa sawa begani halafu tumboni linapepea.

Bajeti laki tatu. Nataka suruali tatu, mashati au polo nne, na jaketi moja la kuzuia mvua na upepo. Niende soko la Owino kwenye mivumba, yaani mitumba, au niingie kwenye maplaza, yale majengo ya maduka, ninunue mpya? Na saizi nichague ipi?

Boda Namuwongo:
Hongera kwa kazi ndugu. Mi naendesha boda, kwa hiyo nitaongea ya barabarani, ya fasheni waje wengine.

Kwanza mifuko. Suruali nyingi za kubana mifuko yake ni mifupi, mteja akikaa nyuma goti linapanda na simu inachungulia nje, tukiruka shimo moja tu simu imeenda. Ukiwa dukani ingiza mkono mfukoni mpaka kifundo cha mkono kizame chote, kama hakizami hiyo suruali si ya mtu wa boda. Pili rangi. Hii barabara ya Luwero na zile njia za ndani Wakiso vumbi ni jekundu na kiangazi linaingia mpaka kwenye nyuzi, suruali ya krimu utaifua kila siku, chukua kaki iliyokolea, kijani cha giza, bluu ya giza, kahawia. Tatu usipande boda na kaptula hata Jumapili, ekzosi inachoma mguu na lile kovu halitoki.

Jaketi usichukue lenye kofia nene ya kushonewa, ukivaa helmeti inakusukuma shingo mbele. Tafuta kofia ya kuchomoa kwa zipu au isiyokuwepo kabisa.

Kibanda Owino:
Jaketi njoo mivumba, hapo sina mjadala. Majaketi ya mvua yanayokuja kwenye belo, yale marobota ya mivumba, yametoka nchi zenye baridi na mvua ya kweli, kwa elfu 30 unapata kitu ambacho kipya hutakigusa. Lakini ligeuze ndani nje kwanza. Kwenye mishono ya ndani lile la mvua hasa lina utepe umebandikwa juu ya mshono, kama hakuna utepe maji yatapita kwenye matundu ya sindano hata kitambaa kiwe kizuri vipi. Halafu angalia kama ule utando wa ndani unabanduka kama maganda, hasa kwenye kola na mabegani, ukianza kubanduka ujue limekwisha, hakuna fundi wa kulirudisha.

Suruali njoo asubuhi belo zinapofunguliwa, mchana wachambuzi wameshapita. Vaa kaptula nyepesi ndani na kandambili maana hatuna chumba cha kujaribia, unavaa suruali juu ya kaptula hapo hapo. Kama huwezi, tumia ile ya shingo, funga kifungo cha suruali uizungushe shingoni, ncha zikikutana kisogoni inakutosha.

Cherehani Kiyembe:
Kibanda naheshimu kazi yako ila hiyo ya shingo kwa huyu kijana itamuangusha. Ile inaamini shingo ni nusu ya kiuno. Mtu wa mazoezi shingo yake nene, mtu wa kitambi shingo yake inabaki ile ile huku kiuno kimekimbia. Na kiuno siyo shida yake, shida ni mapaja, na shingo haijui chochote kuhusu mapaja. Futikamba ni pesa kidogo sana, tembea nayo mfukoni.

Sasa nisikilize vizuri mdogo wangu, mi kazi yangu kila siku ni kurekebisha nguo ambazo watu wamenunua wakifikiri fundi anaweza kila kitu. Fundi anapunguza, kuongeza ni kwa bahati. Kiuno cha suruali nakitoa inchi moja unusu mpaka mbili pale nyuma katikati na hakuna atakayejua, nikizidisha mifuko ya nyuma inasogeleana na inaonekana kama ya mtoto. Mguu kuanzia goti kushuka nautengeneza mwembamba utakavyo. Urefu nakata. Lakini paja likibana limebana. Suruali za vitambaa vya ofisini huwa zinaachiwa akiba kidogo ndani ya mshono, hiyo naweza kuifungua, jinzi haina akiba, ule mshono wake wa kukunja mara mbili umekula kitambaa chote. Ukiniambia niongeze nitaweka kiraka pembeni, na hutakipenda.

Kwa hiyo nunua paja. Likikaa sawa, kiuno niachie mimi. Chukua 34 kama paja linaingia, nikutolee inchi mbili irudi 32. Ile 36 iache, inchi nne ni nyingi mno.

Juu ni hivyo hivyo, nunua bega. Ule mshono wa mkono ukae pale mfupa wa bega unapoishia, usipande kuelekea shingoni wala usishuke mkononi. Bega la shati kulirekebisha ni kung'oa mkono wote na kuushona upya, gharama yake bora ununue shati lingine. Tumbo la L linalopepea nalibana pande mbili, kazi ya dakika chache.

Kijana wa Bweyogerere:
Mzee asante sana, hii ya kununua paja sijawahi kuisikia popote. Nimejipima sasa hivi, paja pale juu kabisa ni inchi 25. Sasa nikiwa sokoni nitajuaje suruali ina paja la kunitosha bila kuivaa?

Cherehani Kiyembe:
Ilaze juu ya meza, ivute isiwe na mikunjo, pima upana wa mguu mmoja inchi moja chini ya pale miguu inapokutana. Zidisha mara mbili. Kitambaa kisichovutika ongeza inchi mbili juu ya mwili wako, yaani 25 na 2 ni 27, kwa hiyo kwenye meza uone 13 na nusu. Kinachovutika kidogo inchi moja inatosha, 13 bapa.

Halafu pima kuanzia hapo kwenye mshono wa katikati kupanda mpaka kiunoni kwa mbele. Watu hawapimi hii kabisa. Mtu mwenye mapaja na makalio ikiwa fupi, ukikaa, nyuma inashuka na ukiinama dunia nzima inaona. Inchi 10 unusu mpaka 11 na nusu kwa mwili kama wako ndiyo salama. Kama una suruali yoyote nyumbani unayoipenda ipime yote, kiuno, paja, hiyo ya kati, urefu wa ndani na mdomo wa chini, andika kwenye simu, nenda sokoni na hizo namba.

Mtaalamu wa Jinzi:
Niongeze hapo. Kama unachambua mivumba utakutana na jinzi za Levi's nyingi sana, na kile kibandiko cha nyuma kina namba, ile namba si urembo, ni mkato. 510 na 511 ni za kubana, zipite. 501 ndiyo ya zamani yenye vifungo badala ya zipu, mguu umenyooka, watu wanaisifu sana lakini mapaja kama yako itakunyima raha. Wewe tafuta 541, imekatwa kwa ajili ya watu wa mazoezi, paja pana halafu inapungua chini. Au 550, hiyo ina nafasi makalioni na mapajani na chini inapungua pia. 559 nayo ina nafasi ila mguu umenyooka chini, hapo fundi atafanya kazi.

Kwenye kibandiko W ni kiuno na L ni urefu wa ndani, kwa inchi. Lakini usiamini W kwa macho, kampuni nyingi huandika 32 na ukipima unakuta 34, na ikishafuliwa miaka miwili Ulaya inaweza kuwa imerudi au imetanuka. Pima.

Mama Duka Plaza:
Watu wa mivumba mmeongea peke yenu sasa nami niwasemee wa maplaza. Mpya ina faida yake, ukipata inayokukaa unaweza kuchukua tatu rangi tofauti, mivumba huwezi, kila moja ni ya peke yake. Ila kaka ujue nguo nyingi tunazouza zimetoka China na saizi zao ni ndogo, mteja wangu wa M ya mivumba za Ulaya hapa namvalisha XL na anashangaa, si kwamba amenenepa. Usiogope herufi.

Na usilipe kabla hujavaa. Risiti nyingi hapa mjini zimeandikwa kabisa bidhaa ikiuzwa hairudi, na hata isipoandikwa hairudi. Ukivaa, usisimame tu mbele ya kioo. Chuchumaa. Kaa kwenye kiti. Inua mguu kama unapanda boda. Shati nyoosha mikono yote miwili mbele kama umeshika usukani, likikaza mgongoni acha. Muuzaji akikunja uso mwache akunje, pesa ni yako.

Polo angalia kola, ikunje uiachie, ikibaki imelala kama imekata tamaa basi ikifuliwa mara ya pili itajikunja ncha. Zile za pamba zenye vitundu vidogo vidogo zinapumua, zile laini zinazong'aa mara nyingi ni poliesta, jua la saa nane litakuonyesha.

Wa Gulu Mjini:
Kuhusu joto naunga mkono Mama Duka. Sisi huku kuanzia Desemba mpaka Machi ni jua na upepo mkavu, poliesta hapana. Soma lebo ya ndani. Shati pamba mia kwa mia au kitani, kitani kinajikunja sana lakini mtu hafi kwa mikunjo. Jinzi nene ya kizamani inachosha, na ikilowa asubuhi jioni bado mbichi. Kama unatembea sana kwa wateja kati ya suruali tatu moja tu iwe jinzi, mbili ziwe kadeti, zile suruali za kitambaa zisizo jinzi, za pamba nyepesi.

Mkiga wa Kabale:
Huku kwetu juu ya mita 1,800 jinzi nene ndiyo rafiki, ila kwa Kampala ni kweli alivyosema wa Gulu. Mvua zenu za Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba zinalowesha ghafla halafu jua linatoka, kadeti itakuwa imekauka kabla jinzi haijaanza.

Kijana wa Bweyogerere:
Na hizi zinazovutika? Muuzaji mmoja alinishikia 32 akaivuta huku na huku akasema hii itaingia tu, itakuzoea.

Cherehani Kiyembe:
Itaingia, ndiyo. Halafu nini? Lebo ikisema pamba 98 na elastini 2 ni nzuri, inakupa nafasi ya kukaa na kuinama. Lakini ule mvutiko ni wa kukusaidia ukitembea, si wa kufidia saizi ndogo. Ukivaa ndogo ukiitegemea ivutike siku nzima, magoti yanatoka vitambi, zile nyuzi za mpira zinakatika ndani, na pasi ya moto mkali inazimaliza haraka zaidi. Mapaja yako yanasuguana ukitembea, na jinzi za watu wa mapaja huanza kufa pale katikati kwa ndani. Ikibana inakufa upesi zaidi.

Ndiyo maana mivumba kabla ya kulipa shika hapo katikati ya miguu, ielekeze juani uangalie kama mwanga unapita. Ukiona mwanga unapita rudisha hata kama ni elfu 5. Kwapani angalia njano, kwenye kola angalia kama nyuzi zimeanza kutoka.

Dada wa Ntinda:
Nawasaidia na moja ambayo wanaume hamuangalii, kwenye marundo ya mivumba mashati ya kike na ya kiume yanachanganyika. La kiume likivaliwa vifungo viko upande wa kulia wako na matundu kushoto. La kike kinyume. Mume wangu namchagulia mimi na huwa nayarudisha mengi, maana la kike hata likitosha kifuani limebanwa kiunoni na bega ni jembamba.

Mlinzi wa Zamani:
Kijana amesema anataka nguo za kutembea nazo mpaka vijijini, watu watamshauri suruali za mifuko ya pembeni. Ni nzuri, nina kadhaa. Lakini zenye madoadoa ya kijeshi usiguse, hata ziwe nzuri vipi, hata zimetoka Ujerumani. Sheria ya jeshi letu inakataza raia kuvaa mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo, na mwaka 2019 ikatangazwa kwenye gazeti la serikali, hata bereti nyekundu zimo. Zipo kwenye belo kwa sababu huko zilikotoka si kosa. Hapa utashushwa kwenye taksi na utajieleza kituoni. Chukua rangi moja tupu, kahawia au nyeusi. Naongea kwa uzito, nimeona vijana wameshikwa.

Afisa wa Wilaya:
Kwa wanaosoma uzi huu na wako serikalini, msichukue ushauri wa polo na jinzi mkaenda nao ofisini. Waraka wa Wizara ya Utumishi wa Umma wa 2017 unasema mwanaume avae suruali nadhifu, shati la mikono mirefu, koti na tai, na suruali za kubana umezikataza. Huyu ndugu yuko kwa mtu binafsi kwa hiyo yeye ni huru, ila akienda kwa wateja kwenye ofisi za wilaya avae shati lenye kola, atasikilizwa haraka.

Mjinja:
Mbona hamsemi kushona? Mapaja makubwa, kiuno kidogo, mabega mapana, huyo ni mtu wa kushonewa. Mita moja na nusu ya kitambaa cha upana wa inchi 60 inatoa suruali, anapimwa mwili wake yeye, hahangaiki na 32 wala 36. Na mi kwetu Jinja tumekua na kiwanda cha nguo cha Nyanza tangu 1954, tulikuwa tunavaa pamba yetu. Rais mwenyewe alisema Mbale 2023 mivumba ipigwe marufuku.

Kibanda Owino:
Alisema, na bado tunafungua belo kila asubuhi, familia zinakula hapa. Ukipata suruali mpya ya pamba nzuri iliyoshonwa Uganda kwa bei ambayo kijana wa laki tatu anaimudu niletee niiuze mimi mwenyewe, naongea kwa moyo.

Cherehani Kiyembe:
Wote mna haki. Mi ningemgawia hivi. Suruali mbili kadeti mivumba au mpya, yoyote yenye paja, elfu 25 mpaka 35 kila moja, nimtolee kiuno na kupunguza chini ya goti, elfu 10 kwa moja. Ya tatu ashone, kitambaa cha pamba iliyochanganywa kidogo isijikunje, bluu ya giza, hiyo ndiyo ya siku za wateja. Polo mbili na mashati mawili ya mikono mirefu, anaikunja akitaka. Jaketi mivumba kama alivyosema Kibanda. Akijadili bei vizuri hamalizi laki tatu, na asimalize, abakishe ya mkanda na soksi.

Akishona amwambie fundi aache akiba inchi moja kila upande ndani ya mshono. Mafundi wengi wanabana kitambaa. Mwili wa mpira ukiacha mpira unabadilika.

Dada wa Ntinda:
Na kabla hujavaa chochote, fua. Halafu zikianikwa nje piga pasi zote, mpaka boksa na mshipi wa kiuno, ndani na nje. Nzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa ukianika kwenye majani, na funza wake anaingia kwenye ngozi, uliza mtu yeyote mwenye mtoto. Joto la pasi linaua mayai. Umeme ukikatika pasi ya mkaa inafanya kazi ile ile. Hapo ndipo kadeti inashinda tena, jinzi nene kuipasi mishono yake ni shughuli.

Msomaji wa Arua:
Swali dogo, jinzi nyeusi nikivaa na raba nyeupe zinaniachia rangi. Nifanyeje?

Mtaalamu wa Jinzi:
Ukiwa dukani lowesha kitambaa cheupe, sugua kwa ndani ya pindo. Ikitoka sana usinunue kama unavaa raba nyeupe. Kama umeshanunua ifue peke yake kwa maji baridi, ndani nje, mara kadhaa kabla ya kuivaa, na ianike kivulini. Pindo usiache liburuze juu ya kiatu, rangi inahamia pale linapogusa.

Kijana wa Bweyogerere:
Nimepiga picha ya uzi wote. Jumamosi naanza Owino asubuhi na futikamba, halafu naleta suruali Kiyembe. Mzee uko kazini mpaka saa ngapi?

Cherehani Kiyembe:
Nipo mpaka jioni lakini fika kabla ya saa tano, baadaye foleni inakuwa ndefu na utaambiwa urudi Jumatatu. Njoo na mkanda wako na viatu utakavyovaa kazini, kiuno napima ukiwa na shati ndani na urefu napima ukiwa na kiatu. Ukija na kandambili za Owino sitakata pindo.